Karatasi Iliyobandikwa Kisiagini

Laini Saba, Kibera
9 Februari 1998

Kitheka mdogo wangu,

Pokea salamu zetu kwanza. Tuko, ingawa hii mvua ya El Nino imetuchezea vibaya. Choo cha ploti kilizama Januari, na hadi leo tunaomba kwa majirani. Mama bado anafura miguu lakini kanisani anafika, na kila nikienda Kitui ananiuliza kama huko Amerika kuna uji. Shemeji yako Muli hajambo, anasema umtafutie viatu saizi tisa.

Sasa nisikilize.

Jumanne nilienda kusaga mahindi pale kisiagini karibu na reli. Unajua foleni ya pale ilivyo na kelele. Nilipofika ikanyamaza. Mwanamke mmoja akavuta mtoto wake akamweka upande wa pili wa sketi. Ndipo nikaona karatasi imebandikwa ukutani, fotokopi, imeandikwa kwa kompyuta. Nikaisoma na debe likiwa kichwani. Nakunakilia ili usije ukasema hukuelewa:

"Wandugu, muonywe. Laini Saba kuna mkunga wa Kikamba anayewatoa mimba wake za watu ambao waume zao wako nje wakihangaika. Anatumia uchawi wa kwao. Ana ukimwi, na sindano yake ni moja kwa wote. Wenye wake huko Kibera na Kawangware, waulizeni Jumamosi huwa wanaenda wapi."

Chini ameandika "Mume Halali". Juu kuna maneno "Baraza la Wakenya Ughaibuni", halafu: "Msimamizi: Kitheka Nzuki."

Niliing'oa. Kesho yake zikawa tatu. Wanasema kijana wa ofisi moja mjini aliipata kwa kompyuta ya kazini akaona ni habari ya kuletea watu.

Kitheka, mkunga wa Kikamba Laini Saba ni mmoja, na ndiye aliyekubeba mgongoni mpaka zahanati ulipougua surua. Miaka kumi na moja nimezalisha wanawake hapa, na sijawahi kutumia sindano mara mbili. Na ati kwa sababu mimi ni Mkamba lazima niwe na uchawi! Wiki hii wanawake sita walikuwa waje kliniki. Alikuja mmoja, na yeye hajui kusoma.

Nataka kujua mambo mawili. Mume Halali ni nani? Na jina lako linafanya nini juu ya matusi hayo?

Dada yako,
Kaluki


Minneapolis
4 Machi 1998

Sister Kaluki,

Niaje huko? Barua yako imenifikia jana, imelowa kona moja, nadhani ni hiyo mvua yenu. Huku ni theluji tu, unaamka unachimba mlango kama mtu wa mgodi. Masomo yanaenda. Kazi ni ile ile ya kuosha vyombo hotelini, mikono imechubuka. Mwambie mama uji upo, ila wanaula na sukari ya miti. Ya viatu vya Muli nimesikia.

Kuhusu ile karatasi. Pole sana, dada. Acha nikueleze, maana watu wa huko wanaweza kudhani mimi ndiye niliyeandika.

Baraza ni kikundi cha barua pepe. Tuko kama mia saba: Amerika, Uingereza, mpaka Australia. Mtu akiandika, ujumbe unakuja kwangu kwanza. Nikiuruhusu unawafikia wote kwa dakika moja, nikiukataa unaishia hapo. Silipwi. Tangu uchaguzi watu wamechafuka, wanatukanana makabila mpaka unaona aibu kwamba mlisoma shule moja. Nikizuia wananiita dikteta. Nikiruhusu wengine wananiita mwoga. Juzi mtu aliniandikia kwamba nikirudi Nairobi nitavunjwa miguu, na yote kwa sababu nilizuia shairi lake.

Huo ujumbe unaousema ulipita kama mingine inavyopita. Nimeshaufuta. Halafu dada, haukutaja jina la mtu.

Mwandishi siwezi kukuambia. Hiyo ni sheria ya Baraza. Kuna watu wanaandika juu ya serikali na wazazi wao wako huko nyumbani. Nikimfichua mmoja, hakuna atakayeniamini tena. Najua utanielewa, hata wewe una siri za wagonjwa wako.

Hayo maneno yatapoa. Watu wa Kibera wanakujua.

Ndugu yako,
Kitheka


Laini Saba
30 Machi 1998

Kitheka,

Sisi tuko. Mama yuko. Nimeanza na salamu kwa sababu tulilelewa hivyo, si kwa sababu nina moyo nazo.

"Ulipita." Ulipita kama nini, mbuzi aliyekata kamba? Umeniambia mwenyewe kwamba kila neno linakuja kwako kwanza. Basi haukupita, uliupisha.

Umeufuta wapi? Njoo ufute kisiagini. Ufute pale kwa wauza mkaa, na kwenye mlango wa kanisa. Sasa nasikia karatasi zimevuka mpaka Kawangware, ziko sokoni.

Na ati haukutaja jina. Mtu akisema "yule kipofu wa stesheni", anahitaji kumtaja?

Sikutaka kukuandikia hili, lakini utalijua. Unamkumbuka Mideva, anayeuza mboga nyuma ya kliniki yangu? Alikuwa na mimba ya kwanza. Tangu mimba ikiwa ya miezi mitatu nilikuwa namwona mimi. Alisoma karatasi akaacha kuja. Nilimfuata nyumbani, mumewe akasimama mlangoni, "Mama, tumeshukuru, lakini tutaenda hospitali." Nikasema vizuri, nendeni hospitali, lakini nendeni mapema. Hawakwenda. Uchungu ulimshika mchana akiwa peke yake, na nyumba yake na kliniki yangu ni hatua arobaini. Nilikuwa nimekaa humo ndani, glavu mpya kwenye boksi, nikingoja watu wasiokuja. Hakuniita. Majirani waliposikia, walimpakia kwenye mkokoteni wakamkimbiza na matope hayo mpaka barabarani. Yeye wamemwokoa. Mtoto alifika amekufa.

Sisemi karatasi ilimuua. Nasema mama yake aliisoma akaniogopa.

Usinilinganishe na wewe kwa habari ya siri. Siri zangu zinamlinda mgonjwa. Zako zinamlinda nani?

Huyo Mume Halali nimeanza kumjua. Kuna mwanamke mmoja wa Gatina, huko Kawangware, sitamtaja, aliyekuja kwangu Jumamosi tatu mfululizo mwaka jana. Ningeweza kujitetea leo hii, kwa kusema tu alikuja kwa nini. Sitasema, hata kwako. Wewe nijibu swali moja: ulikuwa umeusoma ujumbe huo au hukuusoma? Andika ndiyo au hapana.

Kaluki


Laini Saba
2 Mei 1998

Kitheka,

Mama hajambo, anakusalimu. Posta hawajafunga, nimepitia pale leo. Jirani yangu amepata barua kutoka Ujerumani kwa siku tisa.

Ndiyo au hapana.

K.


Minneapolis
10 Mei 1998

Dada Kaluki,

Salamu nyingi. Theluji imeisha. Sina habari nyingine ya kukupa kabla ya hii, nimeanza barua hii mara nne nikachana.

Hapana. Sikuusoma.

Nilitoka kazini nikakuta ujumbe tisini na nne unanisubiri. Nilikuwa na mtihani. Nikaruhusu yote kwa mara moja, bila kufungua hata mmoja. Nilikuwa nimefanya hivyo hata siku nyingine.

Ningeweza kuishia hapo, nawe ungenisamehe labda. Lakini kuna sehemu iliyobaki. Baada ya saa nne hivi mtu wa Uingereza aliniandikia, "Msimamizi, huu ujumbe wa mkunga ni matusi, uondoe." Ndipo nikausoma. Nilijua ni wewe, dada. Nilijua kabla ya kumaliza mstari wa kwanza.

Nikauacha siku tisa.

Wiki hiyo hiyo nilikuwa nimewazuia watu watatu, na walikuwa wakisema Kitheka analinda watu wa kwao. Nikawaza, nikiufuta huu halafu wajue mkunga ni dada yangu, watasema si tuliwaambia? Niliogopa kuonekana nakulinda. Na aliyeandika ni mtu aliyenipokea uwanja wa ndege nikiwa na shati jepesi mwezi wa Januari. Nililala kwenye kochi lake miezi miwili. Nilipomuuliza aliniapia kwamba ni kweli, kwamba ana ushahidi wa mkewe. Sikumuuliza ushahidi gani.

Habari ya Mideva niliisoma nikiwa kazini. Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi.

Nimejiuzulu Baraza. Juzi nimewaandikia kwamba sina nafasi tena. Kwa sasa linajiendesha, kila ujumbe unapita wenyewe. Mimi sistahili kazi ile.

Nisamehe.

Kitheka


Laini Saba
8 Juni 1998

Kitheka,

Mama amevuna kunde kidogo, anasema ungekuwepo ungekula. Choo kimejengwa. Barua yako nimeisoma mara moja tu, sikuweza kurudia.

Kwa hivyo uliogopa kuitwa ndugu yangu. Sawa. Nimelisikia hilo, na siku moja tutaliongea uso kwa uso. Lakini kujiuzulu! Ulipitisha moto bila kutazama, na sasa umeondoka ukaacha mlango wazi, kila mwenye tusi aingie mwenyewe, halafu unaniambia hiyo ni toba? Mimi nikikosea kwa mgonjwa mmoja, nifunge kliniki niende zangu, wengine wajizalishe?

Ngoja nikwambie habari ya mtu aliyetubu ilhali hakukosa.

Jumamosi, yapata saa tano asubuhi, yule mwanamke wa Gatina alikuja. Sasa naweza kumtaja, amenipa ruhusa. Anaitwa Sella, anauza nguo za mitumba sokoni Kawangware. Alitembea kwa miguu kutoka kwake mpaka hapa, karatasi imekunjwa mkononi.

"Mama Kaluki, hii umeiona lini?"

"Februari."

"Ukajua ni mimi?"

"Nilikisia."

"Na ukanyamaza miezi minne, watu wakikuita muuaji?"

"Sella, ugonjwa wako si wangu kuutangaza."

Akaketi. Akasema, "Ni Nashon aliyeandika. Namjua hata akijificha. Anavyonitukana kwenye barua ndivyo hivi."

Nashon ni mumewe. Nadhani kochi lake unalijua.

Niliposimama kumtafutia chai, yeye alikuwa ameshatoka. Nikamfuata mpaka kisiagini. Foleni ilikuwa ndefu, ni siku ya wengi kusaga. Sella akamwambia mwenye mashine, "Zima kidogo." Yule mzee akadhani kuna mtu ameumia, akazima.

"Mimi ni Sella," akasema. "Mwanamke wa Jumamosi aliyeandikwa hapa ni mimi. Sikuwa na mimba. Mume wangu alikuja likizo Agosti, akaondoka Septemba, Novemba nikatoka vipele mpaka viganjani. Ni kaswende. Alinipa yeye, sijawahi kulala na mwingine. Huyu mama alinidunga sindano tatu, wiki tatu, kila mara ananifungulia mpya nikiona. Akaniambia nimwandikie mume wangu naye atibiwe. Nilimwandikia. Jibu lake ndilo hili mmebandika ukutani."

Mwanamume mmoja akacheka, akasema, "Mambo ya chumbani hayo, peleka chumbani." Sella akamgeukia. "Ulipoyasoma hapa ukutani yalikuwa ya chumbani?" Mwenye mashine ndiye aliyeichana karatasi, kwa mkono wake mwenyewe, kisha akawasha.

Mimi nilisimama pale na hasira imenijaa mpaka nikashindwa hata kumshukuru. Kwa nini ilibidi avuliwe nguo mbele ya watu ndipo mimi niaminiwe?

Ndani ya bahasha hii kuna barua ya Sella kwa hao watu wako mia saba. Ameiandika mwenyewe mezani kwangu. Rudi kwenye kazi yako. Isome kwanza, neno kwa neno, halafu uipitishe bila kupunguza kitu.

Kaluki


Minneapolis
2 Julai 1998

Dada Kaluki,

Salamu kwako, kwa Muli na kwa mama. Viatu nimevinunua, nimempa mtu anayekuja mwezi ujao; mimi mwenyewe nitakuja Desemba.

Nimerudi Baraza. Kwa hizo wiki chache lilikuwa limegeuka jaa la taka, na zaidi ya watu mia walikuwa wameondoka. Nimeweka sheria mpya: sipitishi nisichosoma, na aliyejificha ili amtukane mtu asiye na njia ya kujibu hafichwi tena.

Barua ya Sella niliisoma nikaona hakuandika kila alichosema kisiagini. Kwa watu wa Baraza ameandika hivi tu: "Mimi ni Sella wa Gatina, Kawangware. Nilikwenda kwa mkunga Kaluki nikiwa mgonjwa, sikuwa na mimba, naye alinitibu vizuri. Ugonjwa wangu nitamwambia ninayetaka. Aliyewaandikia uongo ni mume wangu, Nashon, na alijua ni uongo. Nimeweka jina langu. Yeye aliweka lipi?"

Nilimpigia Nashon simu kabla ya kuipitisha, nikaona ni haki ajue. Akasema, "Kitheka, umesahau ulilala kwangu?" Nikasema sijasahau, na namshukuru. Akasema, "Basi ficha jina langu tu." Nikamwambia, "Jina lako ameliandika mkeo. Ukitaka kumjibu, jibu kwa jina hilo hilo, nitasoma na nitapitisha." Akakata simu. Hajajibu mpaka leo.

Chini ya barua ya Sella niliweka yangu. Nimewaambia kwamba sikusoma, kwamba mkunga ni dada yangu, kwamba nilipojua niliuacha siku tisa kwa woga, na kwamba mtoto mmoja alikufa Laini Saba. Nimekuchapishia, iko ndani ya bahasha. Ibandike utakapo.

Majibu yalikuja zaidi ya mia mbili. Wengi walimpa Sella pole. Lakini hamsini na nane yalikuwa matusi kwake, dada, matusi ambayo sikujua Wakenya wenye digrii wanayaweza. Nimeyazuia yote. Nimeyasoma moja moja mpaka mwisho kabla ya kuyazuia, na mengine bado yananijia nikiosha sahani. Yeye hatayaona.

Ndugu yako,
Kitheka


Laini Saba
27 Julai 1998

Kitheka mdogo wangu,

Tumekaa vizuri. Baridi ya Julai imeshika, watoto wote wana kamasi. Muli ameshaanza kuwaambia watu ana viatu vya Amerika, na miguu bado iko kwenye sandali. Mama amesikia unakuja Desemba, amefuga jogoo kwa ajili hiyo.

Kazi ya kuyasoma hayo hamsini na nane uliifanya vizuri. Sitalisema mara ya pili.

Karatasi yako niliibandika kisiagini mwenyewe, kwa uji wa ngano. Kuna walionicheka: "Kumbe ni ndugu yake wa tumbo moja!" Nikawaacha wacheke. Wanawake wamerudi, si wote. Wengine wanapita kliniki wakitazama chini, si kwa kuniogopa sasa, ni aibu. Aibu hiyo sina dawa yake, na sina hamu ya kuitafuta.

Alhamisi Mideva alikuja kusaga. Hakuwa amenisemesha tangu Machi. Alisoma karatasi yako, akarudi juu akaisoma tena. Halafu akaja kliniki akasimama mlangoni.

"Huyu ni yule mdogo wako aliyeenda ng'ambo?"

"Ndiye."

"Hapa alipoandika 'mtoto mmoja', ni wangu?"

"Ni wako."

"Alikuwa msichana," akasema. "Nilikuwa nimeshampa jina. Mbona hakuuliza?"

Kitheka, hata mimi katika barua zangu zote sikukuandikia hata kwamba ni msichana. Nilikuwa na hasira mpaka nikamtaja mtoto wa watu kama jiwe la kukupiga nalo. Nilimwambia hivyo, nikamwomba msamaha. Akatingisha kichwa, sikujua kama ni ndiyo au hapana. Alipokuwa akiondoka akageuka. "Akija, mlete."

Kwa hivyo utakaposhuka Desemba, hutakwenda Kitui kwanza. Utakuja hapa Laini Saba, utanawa uso, tutakwenda kwa Mideva. Nitakusindikiza mpaka mlangoni. Ndani utaingia peke yako, na utamuuliza jina la mtoto.

Dada yako,
Kaluki